Chango, na Msuli Usiosikia Amri



Mama mmoja wa upande wa Gazi ametuletea swali. Binti yake ana umri wa miaka 14, na kila aingiapo mwezini hukosa shule siku mbili au tatu. Hutapika, hulala sakafuni akijikunja, na usiku humwomba mama yake amkalie mgongoni ili apate nafuu. Mama anauliza: "Je, hili ni chango? Na kama ni chango, nimpe dawa gani?" Swali hili nimekaa nalo majuma kadhaa kabla ya kulijibu, kwa sababu nitakayoitaja mbele kidogo. Leo nalijibu kwa urefu. Na kama yuko mama anayeona haya kusoma mambo ya mwezini mbele ya baba watoto, basi amwachie baba huyo karatasi hii aisome peke yake, kwani yamhusu naye.

Nianze na neno lenyewe. Chango, katika Kiswahili chetu, ni mnyoo wa tumboni, na utumbo wenyewe pia huitwa hivyo. Bibi zetu walipomwona mwanamke ameshikwa na msokoto chini ya kitovu kila mwezi, msokoto unaokwenda na kurudi kama kitu kinachotambaa, walisema ndani mna chango, limeamka, linauma. Na walipoona kwamba baadhi ya wanawake hao hao hawashiki mimba, walisema chango ndilo lililaji. Zikaja dawa za kuchemsha, mizizi ya kutafuna, kukandwa kwa mafuta ya nazi, na kwa wengine kombe. Mimi siwacheki wazee hao. Mambo mawili waliyaona sawasawa: kwamba ndani ya tumbo la mwanamke mna kitu kinachojongea kwa nguvu zake chenyewe, na kwamba maumivu makali ya mwezi na ugumba wakati mwingine ni ndugu wa tumbo moja. Walipokosea ni kwenye mnyoo. Mnyoo hakuna. Kuna msuli.

Simaanishi ule msuli ajifungao mzee akitoka msikitini. Namaanisha nyama ya mwili inayovuta na kulegea. Mwenyezi Mungu ametuumba na misuli ya namna tatu. Upo wa mikono na miguu, ambao huutumia utakavyo: ukitaka kuchota maji, unachota. Upo wa moyo. Na upo wa tatu, ambao watabibu huuita msuli laini, kwa kuwa ukitazamwa kwa hadubini hauna mistari kama ya msuli wa mkono. Huo ndio uliojenga kuta za utumbo, kibofu, njia za pumzi na mishipa ya damu. Ndio unaoifinya mboni ya jicho ukitoka kivulini kuingia juani. Hufanya kazi yake usiku na mchana bila kukuuliza. Hakuna aliyewahi kuuamuru utumbo wake usage chakula polepole, ukasikia.

Mfuko wa uzazi karibu wote ni msuli huo. Kwa msichana ambaye hajazaa ni kitu kidogo, kadiri ya pera, lakini ndicho kitakachokuja kumsukuma mtoto wa kilo tatu au nne atoke duniani. Nguvu hiyo haitoki hewani. Iko pale tangu ujana, imelala.

Sasa litazame neno tunalowaambia mabinti zetu wakilia. Tunawaambia: jikaze. Mtoto analia kwa sababu msuli wa tumbo lake umejikaza kupita kiasi, msuli asioutawala, asioweza kuulegeza kwa imani wala kwa adabu, nasi tunamwambia ajikaze. Mimi neno hilo nimelitumia. Nililitumia kwa mdogo wangu wa tumbo moja, miaka mingi iliyopita, na hiyo ndiyo sababu swali la mama wa Gazi lilinikaa.

Mdogo wangu alivunja ungo akiwa na miaka 12, na tangu mwezi wa pili tu maumivu yakamlaza. Somo wake alimfundisha twahara, jinsi ya kujihifadhi na jinsi ya kuoga, na alipomweleza uchungu akamwambia kwamba uanamke ndio huo. Mimi nilikuwa mkubwa, nimekwisha kuolewa, na mwezini kwangu kulikuwa kwepesi, nikadhani anadeka. Alikunywa dawa za chango hata tumbo likamharibika. Alipofika miaka 17 wazee walikata shauri kwamba aozwe, maana chango, walisema, huondoka mtu akizaa. Akaozwa. Hakuzaa. Tendo la ndoa likawa adhabu kwake, naye kwa haya hakumwambia mtu. Mumewe akadhani anamkirihi. Mwaka wa sita akarudi nyumbani na sanduku lake. Kwa muda huo wote alikwenda hospitali mara nyingi, akapewa dawa za maambukizi ya njia ya uzazi, akapewa tena, na safari moja akaulizwa mbele za watu kama amekuwa na wanaume wengi. Alikuwa na miaka 34 alipopata daktari aliyemsikiliza hadi mwisho, akamtia kamera ndogo kupitia kitovuni, akaona. Jina la alichokiona ni endometriosisi.

Ili ugonjwa huu ufahamike, sharti kwanza tujue msuli ule hufanya nini mwezi mzima, hata pasipo mimba. Watu wengi hudhani mfuko wa uzazi hulala tu ukingojea. Sivyo. Ukuta wake wa ndani hupitiwa na mawimbi madogo madogo, mawili matatu kwa dakika, ambayo mwanamke hayasikii. Wakati wa hedhi mawimbi hayo hushuka, yakiisukuma damu nje. Zinapokaribia siku za yai kupevuka hugeuka, yakawa yanapanda. Katika miaka ya 1990 madaktari wa mji wa Darmstadt, Ujerumani, akina Gerhard Leyendecker na Georg Kunz, waliweka kwenye mlango wa uzazi chembe ndogo mno, zenye ukubwa kama wa mbegu za mwanamume, wakazifuatilia kwa mashine. Ndani ya dakika chache zilikuwa zimekwisha kupanda, na nyingi zilielekea kwenye mrija wa upande ule ule ambao yai lilikuwa linapevuka. Msuli ulijua upande. Subhanallah.

Kisha wakawatazama wanawake wenye endometriosisi, wakakuta mdundo umeharibika. Mwanzoni mwa mwezi mawimbi yalikuwa karibu mara mbili ya kawaida, na siku za katikati, yalipotakiwa kupanda kwa utaratibu, yalikwenda ovyo, kama ngoma iliyopoteza mpigaji. Je, mdundo mbovu ndio uletao ugonjwa, au ugonjwa ndio uharibuo mdundo? Wataalamu wangali wakijadiliana. Lakini kwa mwanamke aliyeambiwa miaka na miaka kwamba hana kitu, kujua kwamba vurugu la tumboni mwake limeonekana kwa mashine ni jambo kubwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ndani ya mfuko wa uzazi mna utando ambao kila mwezi hunenepa, na mimba isipotunga hubanduka ukatoka kuwa hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, nyama inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya vifuko vya mayai ya uzazi, nyuma ya mfuko, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Inaitika homoni zile zile. Mwezi ukifika nayo huvimba na kutokwa damu, lakini damu yake haina mlango wa kutokea. Hubaki ndani, ikachoma, ikaacha makovu, viungo vikagandana. Daktari John Sampson wa Marekani, aliyeupa umaarufu jina hili katika miaka ya 1920, alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ikamwagika tumboni. Baadaye ilionekana kwamba jambo hilo huwapata karibu wanawake wote, ilhali wagonjwa si wote. Kwa hiyo ipo sababu nyingine juu ya hiyo. Huenda ni kinga ya mwili, huenda ni nasaba, huenda ni ule msuli unaopiga mawimbi kwa pupa. Na madaktari waliovichunguza vinundu vya ugonjwa huu kwa hadubini wamekuta mara nyingi ndani yake mna msuli laini pia, umeota pale usipopaswa kuwapo. Tazama basi jinsi bibi zetu walivyokaribia: kitu kigeni, chenye uhai, kinachovuta na kuuma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa anao, yaani wanawake wapatao milioni 190 ulimwenguni. Hapa Kenya wengi walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtangazaji Njambi Koikai, aliyekuwa na namna adimu iliyofika kifuani na kuyadhuru mapafu yake. Alisafiri hadi Atlanta, Marekani, kwa matibabu, akarudi akisema hadharani yale ambayo wengine huyasema chooni, na akafariki mwezi wa Juni 2024.

Kwa nini tumechelewa hivi? Sehemu ya lawama ni ya vitabu vya utabibu. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani waliandika kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa kizungu wenye mali wanaochelewa kuolewa. Mweusi akija na maumivu ya kinena, basi ni maambukizi, na maambukizi maana yake ni tabia. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari mweusi wa Chicago, alichapisha uchunguzi wa wagonjwa wake mwenyewe. Katika wanawake weusi waliokuwa wamebandikwa jina la maambukizi, takriban mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi. Nilipousoma habari huo nilimkumbuka mdogo wangu alivyoulizwa lile swali la wanaume. Na hata leo pengo halijazibwa: mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa nasaba ya ugonjwa huu, uliowalinganisha wagonjwa 60,674 na watu 701,926 wasio nao, na wote walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Sisi hatumo.

Sehemu nyingine ya lawama ni yetu, na nitarudi kwayo. Kwanza nimjibu mama wa Gazi habari ya dawa, maana hapo ndipo elimu ya msuli inapofaa jikoni.

Utando wa mfuko wa uzazi ukianza kubanduka hutoa maji yaitwayo prostaglandini. Haya ndiyo yanayouamrisha msuli laini ujikaze. Mwaka 1957 mtafiti wa Uingereza, Pickles, alionyesha kwamba katika damu ya hedhi mna kitu kinachoufanya msuli huo uvute, na baadaye ikajulikana kuwa ni prostaglandini hizo. Zikizidi, msuli hujibana hata ukaifinya mishipa ya damu inayopita ndani yake. Nyama ikakosa damu, ikalia, kama mguu ulaliwao unavyolia. Zikipenya kwenye utumbo, nao ni msuli laini, huleta kuharisha na kutapika. Basi binti atapikaye akiwa mwezini hajifanyi, wala hana pepo wa kutapisha. Ni maji yale yale yamefika mlango wa pili.

Mwaka 1971 John Vane, Mwingereza, aligundua kwamba aspirini huzuia mwili usizitengeneze prostaglandini, na kwa kazi hiyo akawa mmoja wa watatu waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni na asidi ya mefenami, zinazouzwa katika kila duka la dawa kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga, hufanya kazi kwa njia hiyo. Lakini ziangalie vizuri: zinazuia maji yasitengenezwe, haziyaondoi yaliyokwisha kutoka. Ndiyo maana binti akingoja mpaka awe sakafuni, kidonge kinamchelewa, naye husema dawa haifanyi kazi. Anywe zinapoanza dalili za kwanza, au siku moja kabla kwa anayezijua siku zake, baada ya kula, kwa kipimo alichoandikiwa. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu au mimba asizitumie bila idhini ya daktari. Na kwetu Pwani kuna jingine: wakati homa ya dengi imetapakaa, mtu mwenye homa asinywe ibuprofeni wala aspirini, kwani huweza kumzidishia kutokwa damu.

Chupa ya maji moto nayo si mambo ya kikale. Joto huulegeza msuli laini. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2001 ulikuta kwamba joto la mfululizo juu ya tumbo lilituliza maumivu ya hedhi kiasi kile kile cha ibuprofeni. Tangawizi pia ina ushahidi wake: mwaka 2009, nchini Iran, wanafunzi 150 waligawanywa, wengine wakapewa unga wa tangawizi, wengine ibuprofeni, wengine asidi ya mefenami, na nafuu yao ikalingana. Hivyo ile chai ya bibi, muachieni. Ila yote haya yalipimwa kwa maumivu ya kawaida ya hedhi. Binti anayepewa kidonge kwa wakati wake, na joto, na tangawizi, na bado haendi shule, huyo si wa kutibiwa jikoni tena. Vivyo hivyo mwanamke anayeumia akienda haja kubwa au ndogo siku za mwezini, anayeumia katika tendo la ndoa, au ambaye maumivu yake hayangoji mwezi tena bali humjia siku yoyote.

Hapa Kwale kuna jambo lingine ambalo daktari wa Nairobi huenda asilikumbuke. Msambweni inajulikana kwa watabibu wa dunia kwa ajili ya kichocho. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na wenzao wa chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani walipita vijiji vyetu wakipima mikojo ya watoto. Tunakijua kichocho kwa mkojo wa damu. Tusichokijua wengi ni kwamba mayai ya mdudu yule hukwama pia katika mlango wa uzazi na kuta zake, yakaleta maumivu ya kinena, damu baada ya tendo la ndoa, hata ugumba. Mwanamke aliyekulia karibu na mito na madimbwi, aliyekuwa akifua na kuoga humo, amwambie daktari habari hiyo bila kuulizwa. Mkojo usioonekana mayai hautoshi kukiondolea shaka. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi, na haifanani hata kidogo na dawa ya endometriosisi. Natamani siku moja mabinti wanaolala sakafuni kila mwezi wahesabiwe kijiji kwa kijiji kama zilivyohesabiwa zile chupa za mikojo.

Najua kinachowazuia wazazi. Kwanza ni bikira. Mama huogopa kwamba binti akipelekwa hospitali ataingizwa chombo. Basi ajue kwamba kwa msichana picha ya mawimbi ya sauti hupigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa mkojo. Ana haki ya kukataa uchunguzi wa ndani, ana haki ya kuomba daktari au muuguzi wa kike, na mama ana haki ya kukaa naye. Semeni haya mapema, mlangoni, kabla hajapanda kitandani. Ajue pia kwamba picha safi si ushahidi wa uzima, kwani vinundu vidogo havionekani kwa mashine hiyo. Zamani ilibidi kamera ya kitovuni ndiyo itoe hukumu. Mwaka 2022 chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya kililegeza sharti hilo: dalili zikitosha, matibabu yaweza kuanza bila upasuaji.

Kinachofuata ni vidonge. Dawa inayotumiwa mara nyingi ni homoni, ile ile au jamaa ya ile wanayotumia wanawake kupanga uzazi, na hapo baba husimama wima: binti yangu hajaolewa, vidonge hivyo vya nini? Baba, sikiliza. Projesteroni ni homoni ambayo Mola ameiweka iutulize msuli wa mfuko wa uzazi miezi tisa, usimtupe mtoto kabla ya wakati wake. Vidonge vya jamii hiyo huutuliza msuli ule ule kwa mgonjwa, na kuunyima utando uliopotea njia chakula chake. Ni dawa ya maradhi, kama insulini ilivyo dawa ya kisukari. Miezi ya mwanzo huweza kuleta matone ya damu yasiyo na mpango, na hapo huja masuala ya swala na saumu: ni hedhi au ni istihadha? Hilo halimo katika kazi ya daktari wala yangu. Aulizwe mwalimu mwenye elimu ya fiqhi, naye aelezwe wazi kwamba ni dawa.

Na kuuliza si aibu. Katika Sahih al-Bukhari imo habari ya Fatima binti Abi Hubaysh, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba damu yake haikatiki, je, aiache swala? Akajibiwa kwamba ile ni damu ya mshipa, si hedhi, na akaelekezwa la kufanya. Bibi huyo alitaja damu yake kwa ulimi wake mbele ya mbora wa viumbe, na hakukemewa. Mimi na majirani zangu huifunga midomo hata mbele ya muuguzi.

Sasa ile lawama yetu. Wale madaktari wa Ulaya niliowataja waliandika pia kwamba mgonjwa asishauriwe kubeba mimba kwa ajili ya kujitibu. Mimba huweza kuyanyamazisha maumivu kwa muda, kwa kuwa hedhi imesimama, lakini haiuondoi ugonjwa, na kwa baadhi ya wanawake mimba yenyewe ndiyo iliyokuwa ngumu kupatikana. Kumwoza msichana ili apone ni kumpeleka na maumivu yake katika nyumba ya mtu asiyeyajua. Nimekwisha kusema jinsi ilivyokuwa kwetu. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa ameoa msichana mzima, naye akangoja, akachoka. Laiti mmoja wetu angelimketisha siku ile ya posa akamwambia.

Mdogo wangu alipasuliwa, makovu yakaondolewa, na maumivu yakapungua sana ingawa hayakwisha. Hakujaliwa mtoto. Anasomesha madrasa ya watoto wadogo hapa Msambweni, na alasiri nyumba yake haina nafasi ya kukanyaga. Ndiye aliyemgundua binti yangu. Ugonjwa huu hutembea katika jamaa. Dada na mabinti wa mgonjwa wamo hatarini kuliko wengine, nami nilikuwa nimelisahau hilo, au nilitaka kulisahau. Binti yangu alikuwa na miaka 13. Siku moja aliomba ruhusa darasani kwa shangazi... nasema shangazi kwa mazoea, ni mama yake mdogo. Akamkuta amelala juu ya mkeka wa msala, uso kama karatasi. Jioni alikuja kwangu, hakuamkia vizuri, akasema: "Dada, huyu usimwambie ajikaze."

Sikumwambia. Tulinunua daftari la shilingi chache pale Ukunda, na kila siku akaandika: ameumwa wapi, kiasi gani kati ya sifuri na kumi, amekula nini, amekunywa kidonge saa ngapi, amekwenda shule au hakwenda. Miezi mitatu. Daktari wa kwanza aliyetupokea alikuwa na haraka kama walivyo wote, foleni ilifika nje, lakini alipofunguliwa daftari alivua miwani, akaivaa tena, akasoma ukurasa hata ukurasa. Picha ya tumbo haikuonyesha kitu. Hata hivyo alimwanzishia vidonge. Sasa ni mwaka wa pili. Miezi mingine bado ni mibaya, na mwezi uliopita alikosa shule siku moja.

Basi, mama wa Gazi, jibu langu ni kwamba yawezekana ni lile waliloliita chango, na yawezekana ni msuli tu uliozidiwa na prostaglandini kama wa mabinti wengi wa umri wake. Mimi siwezi kujua kutoka hapa. Anza daftari leo, usingoje mwezi ujao. Mpe kidonge mapema na baada ya chakula. Ikifika miezi mitatu bila nafuu, au kabla ya hapo ikiwa anazirai au anaumwa hata nje ya siku zake, mpeleke hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Msambweni na daftari mkononi, umwombe daktari wa magonjwa ya wanawake, na neno endometriosisi ulitaje wewe mwenyewe ikiwa halikutajwa. Wakikuelekeza Mombasa, usikate tamaa ya kivuko.

Wengine wameuliza kuhusu saumu za kulipa kwa anayetumia dawa za kila siku. Nimezipeleka barua zao kwa ustadh wetu, na majibu yake yatatoka juma lijalo inshaallah.

Wassalaam alaykum.